Mifugo ya Tumboni mwa Mnofu

Mteja anayeingia buchani kwa Mnofu kwa mara ya kwanza huuona kwanza mkono wake wa kushoto. Wa kulia ndio unaokata nyama. Kazi yake ni ya halali na hufanyika mbele za watu. Wa kushoto hukaa kando ya mizani, umetulia kama mgeni wa heshima, mpaka mdomo uanze hadithi. Hadithi inapofika penye kuchekesha, na mteja akakiinua kichwa kucheka, mkono ule hudondosha kipande cha mfupa juu ya nyama. Mshale wa mizani unapanda. Mnofu anautazama kwa huzuni ya mtu aliyejipunja mwenyewe, kisha anasema, "Mnofu mtupu huo." Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Yeye anaamini alipewa kwa kusifiwa.

Nyumba yake iko nyuma ya bucha. Kati yake na bucha kuna ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo na pipa la maji, na pembeni ya ua kuna choo. Choo hicho kimejengwa kwa kuegemezwa kwenye ukuta wa bucha ili kuokoa matofali, na aliyeokoa matofali ni Mnofu. Ukuta ni mwembamba. Mteja aliyesimama mwisho wa foleni, ubavu kwa ubavu na ukuta ule, hujua habari za ndani za familia ile kuliko shangazi zao.

Kwa chakula, Mnofu alikula alichokiuza, akakisindikiza kwa mkate mweupe. Asubuhi maini na mkate, mchana mbavu na mkate, jioni supu na mkate wa kuchovya. Mboga alizopika mkewe alizisogeza ukingoni mwa sahani kwa ncha ya kisu, taratibu, kama mtu anayempisha njiani mtoto wa jirani mwenye kamasi.

"Majani ni chakula cha mbuzi," alipenda kusema. "Na mbuzi namla mimi. Kwa hiyo majani nimeshakula."

Mkewe alikuwa ameisikia hoja hiyo tangu walipooana. Siku moja alimjibu kwamba kwa hesabu hiyo yeye ni tajiri wa kutupwa, maana mumewe huwauzia nyama matajiri. Mnofu alicheka sana, akaomba supu nyingine.

Lakini tumbo halina mzaha. La Mnofu lilikuwa na tabia ya kufunga, naye alilizoea kama mtu anavyozoea mlango mbovu: unausukuma, unaupumzisha, unausukuma tena. Aliingia chooni na magazeti ya kufungia nyama, akasoma mpaka matangazo ya vifo, na mwishowe mambo yakaelewana. Safari hii hayakuelewana. Wiki nzima ilipita. Tumbo likawa gumu kama gogo la kukatia nyama, naye akawa anatembea miguu imetanuka, kama aliyebeba ndoo asiyoiona mtu. Kibaya zaidi, hadithi zilimkauka. Na hadithi zilipokauka, mkono wa kushoto ulibaki uchi. Wateja walianza kuuona mfupa ukiwa bado hewani.

Ndipo akaenda zahanati. Nesi aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mteja wake wa kila Jumamosi, nusu kilo, mtu asiyelalamika. Mnofu alimpenda kwa hilo. Nesi alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo hapa na pale, akauliza maswali ambayo Mnofu aliyajibu akitazama dari. Kisha akamweleza, kwa upole wa kutia wasiwasi, kwamba ndani ya utumbo wa mtu wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, jamii kwa jamii, na kila jamii ina kipendacho: hawa maharage, wale karoti, wengine mtama, wengine ganda la tunda. Wakilishwa mimea ya aina nyingi hustawi, na utumbo huenda na kazi yake. Wakipewa nyama na mkate mweupe kila kukicha, wengi hudhoofika, na wanaobaki hugoma.

Mnofu aliwaza. "Kwa hiyo mimi nafuga," akasema.

"Unafuga, mzee. Ila hulishi."

Neno hilo lilimchoma. Katika maisha yake amewarudisha wafugaji wangapi getini kwa kuleta ng'ombe wenye mbavu za kuhesabika, akawaambia mbele ya watu kwamba mtu asiyelisha asifuge?

Nesi aliendelea. Ale mimea mbalimbali, aongeze kidogo kidogo, anywe maji ya kutosha. Kama ana haraka, ipo njia fupi. Akaonyesha ukutani, palipotundikwa bomba refu la mpira la kuingizia maji kwa nyuma, lenye rangi ya ulimi. Mnofu alilitazama bomba, akamtazama mwenye kulishika, na mbele ya macho yake ikapita mifupa yote ya Jumamosi zote, mmoja baada ya mwingine. Akasema hana haraka kabisa.

"Sawa," nesi akasema. "Jumamosi nitapita kununua nyama. Kama bado, nitakuwa nimelibeba. Utalala kwa ubavu wa kushoto, mzee. Upande huo unaujua vizuri."

Mnofu alirudi nyumbani ameshakata shauri: atakula mimea, lakini kwa akili. Mtu hakai kwenye biashara miaka yote hiyo kisha akanunua kilo kamili bila kujaribu kupunguza. Keshoye jioni, nesi alipokuwa akipita kwenda kwao, alisimama mlangoni mwa bucha na kuuliza maendeleo, sauti ya kawaida tu, foleni yote ikisikia. Mnofu alikuwa amejiandaa. Alisema siku hiyo moja amekula mimea ya kumtosha ng'ombe. Mkate, maana mkate ni ngano. Chai, ambayo ni majani. Sukari, iliyokuwa muwa. Pilipili kwenye supu. Amevuta sigara mbili, na tumbaku haikuota kwenye mti wa chuma. Mafuta aliyokaangia maini yalikuwa ya alizeti. Kisha akakitoa mdomoni mwake kijiti cha kuchokolea meno, akakiinua watu wakione.

"Na huu ni mti," akasema.

Nesi alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa kitenge chake, akaivaa tena.

"Mzee," akasema, "unanipimia mifupa."

Halafu mtu mmoja mwisho wa foleni alikohoa kwa namna isiyokuwa ya kikohozi, na kicheko kikaanza kule, kikaja mbele kikipokelewa na kila mtu, mpaka kikamfikia bibi kizee aliyekuwa ameegemea mizani. Huyo alicheka mpaka akaomba kiti. Walikuwa wamekihifadhi kicheko hicho kwa miaka. Mkewe Mnofu, aliyekuwa akisugua ndoo uani, aliingia ndani na kufunga mlango ili acheke kwa staha.

Mwanamume aliyeaibishwa hufanya moja kati ya mawili: hujirekebisha au huzidisha. Mnofu alizidisha. Alivuka barabara mpaka kwa muuza mboga aliyekuwa akimwita siku zote "muuza malisho", akasimama mbele ya meza yake mikono nyuma.

"Karibu zizini, jirani," muuza mboga akasema. "Nikupe nini?"

Mnofu alitazama mafungu. Kabichi aliijua, nyanya aliijua. Mengine yalimtazama kama wakwe. Alipoonyesha biringanya na kuuliza kama huliwa na ganda lake, muuza mboga alimjibu kwamba ganda si mfupa, asiogope.

"Basi fungasha zote," Mnofu akasema.

Nesi alikuwa amesema aongeze kidogo kidogo. Mnofu aliona hilo ni neno la watu wasio na kazi. Deni la miaka hulipwa kwa mkupuo. Jioni ileile alimwamuru mkewe achemshe maharage, dengu na njegere, naye mwenyewe akaketi na kabichi mbichi, karoti, bamia, boga na mbegu zake, karanga, papai, mtama wa kuchemsha na kila kilichokuwamo kapuni. Mkewe alimkumbusha maji. Alijibu kwamba maji ni ya kuoshea sakafu.

Asubuhi ya Ijumaa mifugo iliamka. Viumbe waliokuwa na njaa ya nusu karne walifunguliwa zizi wote kwa wakati mmoja, na kila jamii ikataka kwanza. Mnofu alisimama nyuma ya mizani akijaribu hadithi yake ya zamani ya fahali aliyerudi sokoni peke yake, lakini kila alipofika penye kuchekesha tumbo lilimtangulia. Lilinguruma, likapiga miluzi, likatoa maoni. Wateja walisogea hatua moja nyuma, kisha ya pili, mpaka foleni yote ikawa imesimama nje kwenye hewa safi, watu wakiagiza nyama kwa kupaza sauti toka barabarani. Na pamoja na makelele hayo yote, njia yenyewe ilibaki imefungwa. Ni upepo tu uliopita.

Mkewe aliingia, akamvua aproni, akaivaa yeye. "Baba watoto, kaa uani. Na kikombe hiki cha maji ukimalize."

Alikimaliza, na kilichofuata, na kilichofuata hicho. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alitii bila kutoa hoja. Siku nzima alipewa kwa vipimo vidogo: kipande cha papai, kijiko cha maharage, uji wa mtama, maji, aizunguke kamba ya nguo, maji tena. Kutoka uani alimsikia mkewe akipima nyama. Hapakuwa na hadithi wala kicheko. Mshale ulisimama pale ulipotakiwa kusimama, wateja wakashukuru na kwenda, na kila aliyeshukuru alimuuma Mnofu kuliko tumbo.

Jumamosi alfajiri alihisi kitu. Hakikuwa maumivu, kilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Aliingia chooni bila gazeti, akaketi, akaanza kuzungumza na Mungu wake kama anavyozungumza na wauza ng'ombe. Kwamba ikifunguka kabla nesi hajafika, hataweka mfupa tena maisha yake. Kilichobisha hodi kikasogea kidogo. Mnofu akapata moyo, akapunguza bei: hataweka mfupa siku za Jumamosi. Kikasogea tena. Akasema, basi, hatamwekea nesi.

Kikasimama.

Upande wa pili wa ukuta foleni ilikuwa imeshajaa. Nesi alifika na kikapu mkono mmoja, mkoba mkono mwingine, na mkoba ulikuwa umetuna. Akaomba nusu kilo. Mkewe Mnofu akampimia, nyama tupu, akafunga. Nesi akashukuru, akaenda kuketi kwenye benchi la ukutani, mkoba juu ya magoti.

"Mama watoto," ikaja sauti kupitia ukutani, nyembamba, isiyofanana na ya mwenyewe. "Nesi amefika?"

"Amefika. Ameketi."

"Kalileta?"

"Kalileta."

"Mwambie asubiri kidogo. Nimerudisha ahadi ya kwanza, ile ya maisha yote. Kuna dalili."

Hakuna aliyemuuliza ahadi gani, walijua. Muuza mboga alivuka barabara na kigoda chake, akakiweka karibu na ukuta. Nesi alifungua mkoba kidogo, akachungulia, akaufunga. Mkewe Mnofu aliweka kisu juu ya gogo ili kisipige kelele. Na wale waliokwisha kupimiwa nyama yao, hata mmoja hakuondoka.