Kitenzi Kilichotoka kwa Mama

Leo mamangu nusura aichome lugha yangu.

Naam, lugha. Naibuni mwenyewe tangu sekondari, na nyumbani hakuna aliyejua.

Shangazi alikuwa akianika magodoro, akalikuta daftari langu la lugha hiyo chini ya godoro langu. Akaona maneno asiyoyajua, akampelekea mama jikoni.

"Mwanao aandika talasimu za uchawi."

Niliporudi kutoka Marikiti na kikapu cha mboga, nikawakuta wawili hao kando ya jiko la makaa, daftari mkononi mwa mama, tayari kulitia motoni. Miaka saba ya maneno yangu, na hakuna nakala nyingine.

"Nisomee," mama akaniambia, akinipa daftari. "Popote."

Nikafungua kurasa za vitenzi.

"Nuremi: kumwekea chakula asiyerudi bado. Asili yake ni Nuru, jina la mama, na emi, kufunika. Kwa sababu kila nikichelewa naikuta sahani yangu chini ya kawa."

Shangazi akajitia kuchochea makaa.

Mama akalichukua tena daftari, akautazama ukurasa huo, kisha akanirudishia.

"Lakini mimi sikifuniki tu. Nakupashia moto pia. Andika vizuri."

Nimeandika. Ndiyo kwanza napumua.

Nanyi, mama zenu wangewapa kitenzi gani?