Anayefunga Hapimi

Siku yangu ya kwanza kazini nlikwenda na dishdasha nyeupe, kanzu ya Kiarabu, mama kaipiga pasi mpaka inasimama peke yake. Foromani wa ile karakana ya Wattaya alinitazama kutoka kofia mpaka ndara, akaniuliza, "Weye, umealikwa harusi au umekuja kazi?" Watu wakaangua kicheko. Akanirushia ovaroli iliyokakamaa kwa girisi, na hiyo ndiyo ikawa nguo yangu ya maisha, ikichakaa moja napewa nyengine.

Nlikuwa kijana, nimetoka Unguja na mama kuhamia nchi ya Waarabu, Kiarabu changu cha kuokoteza. Foromani alikuwa mzaliwa wa Pemba, kwa hivyo akinitukana nlifahamu kila neno. Nlimshukuru Mungu hata kwa hilo.

Nyinyi vijana wa leo mnachomeka kompyuta kwenye gari, inakwambieni ugonjwa uko wapi. Sie mafundi umeme tulikuwa na bisibisi, kisu na macho. Zaidi macho. Mie Foromani alinitia upande wa matela, maana hakuna aliyeutaka. Mtu kanunua tela la farasi au la boti, kalileta, kumbe plagi yake haiingii kwenye soketi ya gari. Gari moja lina matundu madogo ya mviringo, jengine lina nafasi bapa za Kimarekani, na mwenye tela kasimama juani anagombana na kitu kisicho na masikio. Basi unaikata ile plagi, unachuna nyaya saba, unazifunga upya rangi kwa rangi. Waya mweupe ni wa ardhi, ndio unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na bila huo taa zote ni wazimu mtupu. Kwenye matela yetu mengi wa njano ni indiketa ya kushoto, wa kijani ya kulia. Ukikosea mweupe na wa njano, mtu anapinda kushoto na fyuzi inaungua, nyuma yake lori haina khabari.

Foromani alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ndiyo iliyonilea na ndiyo iliyonimaliza. "Anayefunga hapimi," alisema siku ile ile ya kwanza. "Jicho la mtu linapenda kazi ya mkono wake. Ukishafunga, ondoka, aje mwenzio apime taa." Na utepe wa kufunikia nyaya akanifunza kuumalizia kwa kuukunja ncha yake ndani, upate kijisikio kidogo, fundi atakayekuja baadae aubandue kwa kidole bila ya kutia kisu. Alisema hiyo ndiyo adabu baina ya fundi na fundi.

Wattaya nlikaa mpaka Foromani akafa. Kisha nkachukuliwa karakana moja ya serikali, chini ya Mhandisi Mkuu, bwana asiyecheka, tukifunga matela ya majenereta ya kwenda majabalini. Yeye akipita nyuma yangu husema neno moja tu, "Zein," nzuri, na siku hiyo chakula kinashuka vizuri. Mwisho nkaja Mabela, karakana ya mtu binafsi, tuliyemwita Mudir, yaani meneja. Huko ndiko nlikokutana na Otieno, Mkenya wa Kisumu, mkono mwepesi, mdomo mzito. Mie nafunga, Otieno anapima. Nkimaliza plagi ananiambia, "Kazi nzuri, mzee, enda ukunywe chai, hii nitamaliza mimi." Nami nakwenda zangu, kwa sababu anayefunga hapimi.

Siku nliyostaafu Mudir alileta halwa na kahawa, akasimama mbele ya watu. "Mzee Nasoro," alisema, "hapana tela hata moja ulilolifunga likarudi." Wallahi machozi yalinitoka. Sikuwa na shahada wala cheo, lakini nlikuwa na neno lile, na kila nkilala nlilala nalo. Huyu mie, kazi yangu hairudi.

Macho yalikuwa yameanza kunisumbua zamani. Nlidhani uzee tu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, akanifanyia upasuaji, hili kwanza kisha lile. Nliporudi nyumbani nkachukua dishdasha kabatini, nkamuuliza mke wangu, "Hii umeitia buluu ya kufulia kiasi gani?"

"Buluu gani? Ndiyo ile ile, nyeupe."

"Si ilikuwa imeingia manjano? Si ndiyo nliyogombana na dobi?"

"Dobi wa watu umemuonea bure, Nasoro. Nguo zako hazijapata kuwa za manjano hata siku moja."

Nkakaa kitandani na ile nguo magotini. Maskini dobi, nlimtukana mpaka mama yake. Lakini si dobi nliyekuwa nkimfikiria. Kama nguo nyeupe nliiona ya njano miaka yote ile, je, waya mweupe nliuonaje?

Nkaenda Mabela asubuhi yake. Otieno alikuwa chini ya gari, akatoka akifuta mikono, akafurahi kuniona. Nkamuuliza bila ya salamu ndefu.

"Otieno, nlikuwa nnakosea rangi?"

"Mzee, wachana na hiyo maneno. Ilishaisha."

"Nnakuuliza."

Akatazama chini. "Ulikuwa unachanganya nyeupe na njano. Saa zingine kijani na buluu pia."

"Na weye ukifanya nini?"

"Nilikuwa narudia."

"Zote?"

"Zile za mwisho mwisho, zote. Si ubaya, mzee. Mudir ndiye alisema usiambiwe. Alisema mtu kama wewe huwezi kumwambia hivyo, ni aibu."

Kwetu pana kitu kinaitwa muhali. Mtu unamstahi mpaka unashindwa kumwambia la kweli usoni, na hilo tunalihesabu ni malezi mema. Nami nimewaonea watu muhali umri wangu wote. Sikujua unavyouma ukiwa upande wa pili. Mudir hakusema uongo siku ile ya halwa, tela langu halikurudi, lakini lingerudije na lilikuwa likisahihishwa kabla ya kutoka mlangoni? Nlirudi nyumbani, sikula. Mke wangu akadhani macho yananiuma, nkamwacha adhani hivyo.

Basi ikaja hii ya Zuwena. Zuwena ni binti yangu mkubwa, ana tela la chakula, anauza urojo na mishkaki kule Hail. Kabadilisha gari, kanunua la Kimarekani, na plagi ya tela ikakataa. Ya tela ni pini za mviringo, soketi ya gari ni nafasi bapa. Nlimsikia uani akiilazimisha na kuilaani.

"Acha, utaivunja," nkamwambia. "Leo nipe mie."

"Baba, nampelekea Otieno, dakika mbili tu. Macho yako bado mapya."

"Ndo maana nnakwambia nipe."

Akanitazama, akaona haya kukataa. Mie nlijua ninachokitaka, nakitaka kuliko chakula. Nlitaka plagi moja. Moja tu iliyo yangu, isiyoguswa na mkono wa mtu, nife najua kuwa ufundi ulikuwemo na kilichoharibika ni macho tu.

Nlikaa uani na kisu changu cha zamani. Kubadilisha plagi peke yake hakutoshi, na wengi hapo ndipo wanapokwama. Gari la Kimarekani kama lile linapitisha breki na indiketa kwenye waya mmoja, na tela la Zuwena linazitenga. Ukifunga waya kwa waya, ukikanyaga breki zinawaka indiketa zote mbili, na taa za breki zimelala. Panatakiwa kijisanduku cha kuzitenganisha, nami nlishakiagiza dukani. Nkauchuna waya mweupe. Ulikuwa mweupe, jamani, mweupe kama wali. Wa njano kando yake, hata mtoto asingezichanganya. Nkafunga zote saba, nkazungusha utepe, nkakunja ncha ndani kama nlivyofunzwa.

Kisha nkavunja sheria ya Foromani. Nkamwambia Zuwena aingie garini, mie nkasimama nyuma ya tela.

"Kushoto!" Ikawaka kushoto. "Kulia! Breki! Sasa breki na kushoto pamoja!"

Kila moja ikawaka pahala pake. Nlicheka peke yangu uani. Zuwena akashuka, akasema, "Ahsante, Baba, kazi nzuri," akavuta tela lake akaenda zake Hail.

Siku ya pili karudi, nkatoka kumsaidia kulifungua. "Vipi taa?"

"Zote zawaka, Baba. Otieno anakusalimu sana, nlimpitia mara moja."

Nkainama kuichomoa plagi. Ncha ya utepe haikuwa imekunjwa. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, imelala bapa, na hivyo ndivyo Otieno anavyomaliza. Zuwena alipoingia ndani nkaufungua utepe. Kila waya ulikuwa pale pale nlipouweka. Hakubadilisha hata mmoja.

Nawaambia nyinyi mnaosoma haya, mna wazee kazini kwenu. Wakikosea waambieni. Wataghadhibika, watakutukaneni, watanuna, lakini waambieni, maana mkiwanyima kosa lao mnawanyima na sifa yao. Otieno anajua nlifunga sawasawa. Na Zuwena anajua, lazima alimuuliza. Lakini hakuna atakayethubutu kuniambia, kwani kuniambia ni kukiri kuwa waliifungua. Na mie siwezi kuwauliza. Naona muhali.

Nkaufunga utepe tena, nkaiacha ncha yake bapa kama alivyoiacha Otieno. Zuwena akatoka na kikombe cha chai, akanipa kwa mikono miwili.

"Ahsante, Baba," akasema. "Kazi nzuri."

Ndiyo maneno yale yale waliyokuwa wakiniambia Mabela nlipokuwa sioni.