Maji Niliyompimia Baba

Nilirudi kwa baba yangu katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mbili, baada ya ndoa ya miaka saba ambayo haikuzaa mtoto. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Mimba mbili zilikuja zikatoka, ya tatu haikuja kabisa, na mama yake akamtafutia mke mwengine. Mume aliniambia nikitaka kukaa nikae. Nilikaa miezi minne. Mwenzangu aliposhika mimba, nikafungasha.

Baba wakati ule alikuwa akiishi Hail, kando ya Maskati, peke yake. Mama alishafariki, na kaka yangu, ndugu pekee niliye naye, alikuwa Abudhabi na mkewe na watoto wao. Baba alizaliwa shamba, Unguja, akaja Maskati miaka ya sabini, akafanya kazi ya ukarani bandarini mpaka akastaafu. Alichobakiwa nacho alikitia kwenye kipande cha ardhi Hail, mwendo mfupi kutoka baharini, chenye nyumba ya vyumba vitatu, kisima na mitende sita. Kwengine kote kulikuwa mchanga na vichaka vya miiba. Alipanda kama kwamba hajaondoka Unguja: migomba, mipapai, mwembe mmoja mkubwa uliokuja kuzaa vizuri, na midimu michache kando ya ukuta. Nyuma ya nyumba alifuga mbuzi.

Siku niliyofika hakuniuliza neno juu ya mume wangu. Alinibebea sanduku mpaka chumbani, akanipa muda wa kuswali, kisha akaniambia nivae viatu tukaangalie shamba. Shamba lenyewe ungelizunguka kwa dakika tano. Sisi tulichukua saa nzima.

Hivyo ndivyo tulivyozoea kuishi. Nikirudi kazini jioni ananingoja, tunatoka pamoja, naye anasema. Mgomba unataka maji mengi na mbolea nyingi, na usiuonee huruma mama ukishazaa, uukate, mtoto apate nafasi. Mdimu hautaki kusimama majini. Mpapai humjui dume wala jike mpaka utoe maua, kwa hiyo unaotesha mitatu shimo moja, unangoja, kisha unang'oa madume na kubakisha moja tu kwa bustani nzima. Mitende ni majike yote, na kila mwaka baridi inapoanza kupungua lazima mtu apande na vishada vya maua ya dume, akavifunge ndani ya maua ya jike kwa mkono wake, kwani upepo hautoshi. Mbuzi jike akianza kupiga kelele na kutikisa mkia, Baba alikuwa akimwazima beberu wa jirani kwa siku mbili.

Alikuwa akiyasema mambo haya mbele yangu bila ya haya, kama mkulima anavyosema na mkulima mwenzake. Mara moja tu alijikwaa. Tulikuwa tumesimama bandani, akawa ananieleza juu ya mbuzi mmoja mweupe aliyepelekewa beberu mara tatu na hakushika, na kwamba mnyama tasa anakula majani ya bure, kwa hiyo sikukuu ikija atamchinja. Akakatisha hapo hapo. Akaangalia mikono yake, kisha akasema joto mwaka huu limewahi. Sikukuu ilipokuja alimchinja kweli, asubuhi, mimi nikiwa bado sijatoka chumbani.

Kazi yangu mimi ilikuwa maabara, Ruwi, mjini Maskati. Tulikuwa tukipima maji. Watu walileta chupa kutoka visima vya mwambao wote, na sehemu yangu ilikuwa kupima chumvi. Kwa hiyo nilikuwa nikijua mambo yanakwenda vipi. Kila shamba lilikuwa limetia mashine, mashine zinavuta maji matamu usiku na mchana, mvua hainyeshi ya kuyarudisha, na pale maji matamu yanapopungua chini ya ardhi, bahari inaingia mahali pake. Nilikuwa nikiiona ikiingia chupa kwa chupa. Kisima kilichokuwa na maji mazuri mwaka huu, mwaka ujao kimekuwa chungu, na mwaka wa tatu mwenyewe haleti chupa tena.

Nilikaa miaka miwili kwa Baba bila ya kuchukua chupa ya kisima chake. Mwenyewe alikuwa akiyapima maji yake kwa ulimi. Kila asubuhi akishaswali huteka ndoo, akayatia kidogo mdomoni, akayaweka, akayatema. "Bado matamu," husema. Neno hilo lilinitosha.

Halafu majani ya migomba yakaanza kuungua kingoni. Baba akasema ni joto. Nilisubiri mpaka baridi ilipoingia, nikaona bado yanaungua, na majani ya midimu nayo yanageuka manjano na kudondoka. Asubuhi moja kabla hajatoka nikajaza chupa, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda nayo kazini.

Niliyapima mara tatu. Mara zote jawabu lilikuwa moja. Maji yale mtende ungeweza kuyastahamili, ukaishi nayo kwa shida. Mgomba usingeweza, mwembe usingeweza, na mdimu, ambao ndio wenye moyo mdogo kuliko yote, usingemaliza kiangazi kimoja.

Njia nzima ya kurudi Hail nilikuwa nikipanga maneno. Nilipofungua geti nikakuta miche ya midimu imepangwa kwenye kivuli cha nyumba, kila mmoja ndani ya kopo lake. Ilikuwa kumi na minane. Baba alikuwa amekwenda kuichukua kwenye kitalu asubuhi ile ile, na tangu alasiri alikuwa akichimba mashimo. Shati limemganda mgongoni. Tangu Mama alipofariki sikuwahi kumwona na uso ule wa furaha. Alinionesha kila shimo, akanambia midimu ile ya zamani ilikuwa imezeeka tu, hii mipya itazaa miaka mitatu ijayo na tutapeleka ndimu hata Abudhabi. Kisha akaniona nimeshika chupa tupu mkononi. Hakuwa mjinga.

"Umeyapima maji?" akaniuliza.

"Nimeyapima."

"Yana nini?"

"Yamezidi chumvi kidogo tu, Baba. Ya kufaa."

Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye jembe lake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Jawabu nililonalo ni kwamba mwaka mmoja kabla sijaachana na mume wangu, daktari wa kigeni aliniweka mbele ya meza yake, akanisomea majibu yangu kwenye karatasi, akaniambia bila ya kuzunguka kwamba nisingoje tena, mwili wangu hauwezi kumshika mtoto mpaka akazaliwa. Alikuwa mkweli na alikuwa mpole. Nilitoka pale nikakaa mwaka mzima siwezi kumpakata mtoto wa mtu. Nilipomwona Baba na miche yake, sikutaka kuwa ndiye mtu wa kukaa upande wa pili wa meza.

Miche ikapandwa. Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri, ikatoa vijani vyororo, na mimi mwenyewe nikaanza kufikiri labda vipimo vilikosea. Joto lilipoingia, majani yakaungua ncha, yakajikunja, yakaanguka. Baba akabadilisha samadi. Akaifunika kwa makuti. Akahamisha saa za kumwagilia, akaongeza maji, na kila alipoongeza maji ndipo alipozidi kuiua, na mimi nikimwangalia kutoka dirisha la jikoni. Mche ukifa aliung'oa, akainusa mizizi yake, akauweka kando ya ukuta pamoja na mingine.

Ilipobaki mitano nilijaribu kurekebisha. Nilimwita mwenye gari la maji alete maji matamu tuyatie kwenye tangi. Gari lilipofika Baba akatoka nje akamzuia dereva getini. Akaniuliza kwa nini ninunue maji na kisima kipo.

"Si ulisema ya kufaa?" alisema.

Ilikuwa ndiyo nafasi yangu, na dereva amesimama anatungoja. Nikasema ndiyo, nilisema ya kufaa. Gari likarudi na maji yake. Mitano ile haikufika mwisho wa mwezi.

Baada ya midimu ikafuata migomba, kisha mipapai. Mbuzi walikuwa wakinywa maji yale yale, na mwaka ule wawili waliharibu mimba, wa tatu akazaa kitoto kilichokosa maziwa kikafa siku ya pili. Baba alimpa jirani waliobaki. Hakusema mengi. Jioni moja tu nilipokuwa nikimmiminia chai alisema, "Mkono wangu umeshakufa. Zamani nilikuwa nikichomeka kijiti kinaota." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza kwamba macho yake hayaoni mbali tena. Niliweka birika chini.

Alikaa na fikra hiyo karibu miaka miwili. Aliacha kwenda kuwatazama wenziwe waliokuwa na mashamba, kwa kuona haya. Aliacha kusema habari za Unguja, kwa sababu kila habari ya Unguja aliyokuwa nayo ilikuwa ya kitu alichokipanda kikaota. Mwembe mkubwa ulikuwa bado hai, na mwaka wa pili ukatoa maua kila tawi, naye akawa anatoka kuuangalia mara nne kwa siku. Maua yakakauka yakawa meusi. Vijiembe vilivyoshika vikadondoka vikiwa ukubwa wa punje ya mahindi.

Siku chache baadaye nilimsikia akizungumza na kaka yangu kwenye simu. Alimwambia ardhi iuzwe, yeye hana mkono tena, na mtu asiye na mkono hana haki ya kukaa na ardhi. Kaka nadhani alikuwa akimtuliza. Baba akarudia, hapana, mwanangu, nnajijua. Alipoweka simu nilikuwa nimesimama mlangoni, na ndipo nilipomwambia.

"Baba, si mkono wako. Ni maji. Yameingia bahari. Niliyapima nikakudanganya."

Alikaa. Aliniuliza kipimo kilikuwa kiasi gani. Nilimtajia, na kwa kuwa alikuwa karani maisha yake yote aliniuliza kiasi hicho ukikilinganisha na maji ya bahari ni sehemu gani. Nikamweleza. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu kabla ya midimu kumi na minane.

Nilidhani atataja midimu, au miaka miwili aliyojiona si kitu.

"Yule mbuzi mweupe," alisema, "labda na yeye ni maji. Na mimi nikamchinja."

Kisha akaniuliza jambo ambalo tangu nirudi hakuwahi kuligusa.

"Na wewe, daktari alikwambia nini?"

Nilimwambia yote, kama nilivyoambiwa.

"Alikwambia wazi?"

"Wazi."

"Ikawa bora kwako, kujua?"

Nilifikiri. Ningeweza kumpa jawabu lililokuwa likinihukumu au lile lililokuwa likinitetea. Nikamwambia la kweli, kwamba haikuwa bora.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea hesabu iliyo sahihi. "Hata hivyo," alisema, "ungenambia."

Asubuhi ya pili alizima mashine ya maji na hakuiwasha tena. Hakuteka ndoo wala hakuyatia maji mdomoni. Nilitaraji kwamba akishajua si kosa lake atarudi kuwa yule wa zamani, atatafuta mimea inayostahamili chumvi, ataanza upya. Nilimletea hata habari za nyasi na miti ambayo wataalamu walikuwa wakiijaribu. Alinisikiliza kwa adabu. Nafikiri alipokuwa akijilaumu bado alikuwa na kitu cha kushughulikia, na mimi nilimpa mahali pake bahari, ambayo mtu hana la kuifanya. Hakunikasirikia. Alikula nilichopika, aliniombea dua nilipotoka kwenda kazini, lakini jioni nikirudi nilimkuta ndani, mbele ya televisheni, na hatukutoka tena pamoja.

Niliendelea kukipima kisima kila mwaka, kwa siri. Kila mwaka namba ilipanda. Mwembe ukafa, kisha mtende wa kwanza, ule wa upande wa baharini.

Baba aliishi miaka mingine minne. Alipatwa na maradhi ya moyo, akalazwa siku tisa, akafariki mchana mmoja nikiwa nimekwenda kumletea kanzu safi. Tulimzika Hail. Kaka yangu alikuja na wanawe watatu, wakakaa arubaini, wakarudi kwao. Kaka aliniachia nyumba, akasema nifanye ninavyotaka, yeye hana haja nayo.

Wakati huo Hail ilikuwa imeshabadilika. Mashamba ya jirani yalikuwa yamejengwa nyumba kubwa za ghorofa mbili, zenye maji ya bomba na mageti ya rangi, na vumbi la mchanga wa uwanja wangu lilikuwa likiwaingilia. Nikaita mafundi waje wausakafie uwanja kwa simenti. Siku walipoanza, msimamizi wao alizunguka akahesabu mitende minne iliyokuwa bado imesimama, akaja kuniuliza kama wauache mmoja, watoto wapate kivuli cha kuchezea. Nilimwambia wakate yote. Walimaliza kukata kabla ya adhuhuri, na jioni nililiingiza gari langu ndani kwa mara ya kwanza, nikaliegesha ninapotaka.