Nilivyoapa kwa Niaba ya Manu Mbele ya Wakwe Zake

Hii habari nimekataa kuisimulia muda mrefu, na ninyi mnanijua, mimi si mtu wa kukaa na neno tumboni, hata la jirani linanishinda sembuse langu. Lakini hii inanitia aibu mpaka leo, nikipita barabara ya Ndera nageuza uso upande wa pili, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho halafu ndiyo mcheke, kama bado mtataka kucheka. Na nawaambia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kinyarwanda bado siwezi, kila neno la siku ile lilisemwa kwa Kinyarwanda na nikilirudia linachoma.

Manu mnamjua, fundi simu wa pale Batsinda. Mimi nilipokuja kutoka Karagwe (wazazi Wanyarwanda, lakini nimezaliwa huko na kukulia huko, shule niliachia darasa la saba, mengine yote nimejifundisha mwenyewe kwa redio na kwa simu mbovu) sikuwa na mtu Kigali. Manu alinipa nusu ya meza yake ya kazi na nusu ya chumba chake, miaka mitatu, na hata siku moja hakuniuliza nitahama lini. Mtu wa namna hiyo ukimsema vibaya mbele yangu unanitafuta mimi. Kuna siku nilishikana mashati na dereva wa pikipiki kwa sababu alimwita Manu mwizi wa vioo vya simu, tumegaragazana mpaka kwenye mtaro, kumbe walikuwa wanataniana, na Manu mwenyewe amesimama pale anacheka.

Sasa ilikuwa imebaki miezi mitano hivi tupige kura. Pale mezani redio haizimwi, na mimi nilikuwa na msimamo wangu (bado ninao, sijaja hapa kuukana): nchi inasimama kwa familia, na mtu anayetaka kwenda bungeni aseme kwanza mbele ya watu yeye anasimama wapi kwenye mambo ya familia. Ile habari ya wasichana wadogo kupewa dawa za kuzuia mimba mzazi hajui, mimi hata kuisikia sikutaka. Vijana kuchukuana tu na kukaa pamoja bila kuomba, bila ng'ombe, bila kanisa, sitaki. Nilikuwa naongea mpaka wateja wengine wanakuja na simu nzima kabisa, hazina ugonjwa wowote, wanataka tu kunichokoza wanisikie nikifoka. Manu alikuwa anainama kwenye kazi yake anachomelea, hasemi kitu. Nilijua ananiunga mkono.

Basi Manu akapata mchumba, Josiane, fundi nguo, kwao Ndera. Baba yake, Mzee Anastazi, ni mzee wa kanisa, mtu wa shamba na wa neno moja. Manu alivyonieleza habari zake, kwamba hataki mchezo na heshima, kwamba redio yake ni ile ile ninayosikiliza mimi, nikampenda kabla sijamwona.

Gusaba mnaijua, siku ya kwenda kuomba binti. Turubai mbili zinatazamana, kwao huku, kwenu kule, na kila upande una msemaji wake mwenye maiki. Kazi ya msemaji wa upande wa binti ni kukataa. Anazua visingizio vya uongo, mara hatuwajui ninyi, mara binti ana mwingine, mara kijana wenu ana hili na lile, na msemaji wenu anajibu kwa utani mpaka watu wacheke, mzee akubali, ndipo binti atoke na wasichana wenzake kwa wimbo. Kila mtu pale anajua ni mchezo. Hata watoto wanajua.

Msemaji wetu alikuwa Mzee Silasi, mjomba wake Manu, mtu ana mdomo wa asali. Sasa Alhamisi ameng'olewa jino, Ijumaa shavu limevimba, Jumamosi asubuhi tunataka kuondoka anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Watu wakaanza kushika vichwa. Mimi nikasema, jamani, mimi si nipo, nipeni maiki. (Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima, nadhani na yenyewe ilichangia.)

Manu akaniangalia sana. Akaniuliza, "Wewe utaweza kutaniwa?"

Nikamwambia nimeangalia video za kuomba binti mpaka nimezikariri.

"Sijakuuliza video. Nimeuliza kutaniwa."

Nikamwambia kwa ajili yako naweza chochote. Na hapo nilikuwa nasema ukweli mtupu, ndiyo maana inauma.

Tukafika Ndera, tukakaa. Upande wao msemaji ni Mwalimu Gaspari, amestaafu, mzee mwembamba mwenye macho ya kucheka. Kitu cha kwanza akaanza na Kinyarwanda changu, akawauliza watu kama wageni wameleta msemaji au wameleta mtu aliyefundishwa kuongea na ng'ombe huko Karagwe. Turubai zote mbili zikacheka. Nikacheka na mimi, lakini shati likaanza kulowa. Nikajibu moja, nikajibu mbili, sikuwa mbaya, hata upande wetu walipiga makofi. Halafu Mwalimu akajiweka sawa akasema wao wamesikia vijana wa Batsinda siku hizi hawaombi wasichana, wanahamia tu, sasa huyu wenu amekuja kuomba nini, au ameshahamia anataka kutuaga?

Watu wakacheka kuliko mwanzo. Ule ni utani wa kawaida kabisa, gusaba yoyote mwaka ule ungeusikia. Mzee Silasi nyuma yangu akanivuta koti, akaniambia kwa lile shavu lake, "Liko jibu la ng'ombe. Sema ng'ombe." Nilimsikia. Sitaki kuwadanganya kwamba sikumsikia. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona mtu anamchafua Manu mbele ya watu, na pale kichwani hakukuwa na nafasi ya ng'ombe.

Nikaanza. Nikasema Mwalimu, neno hilo si la kuchekea. Nikasema tunakwenda kwenye kura, na nchi hii inaharibiwa na watu wanaochekea mambo kama hayo, leo tunacheka vijana wanahamiana, kesho tunacheka mtoto wa shule anapewa vidonge mama yake hajui, keshokutwa tunampa kura mtu anayesema yote hayo ni sawa. Nikasema binti anayetoka kwa baba yake na heshima yake ndiye anayejenga nchi, na anayetoka bila heshima analeta ufa nyumbani na ufa huo unafika mpaka bungeni. (Sijui nilitoa wapi habari ya ufa. Ilikuja tu.) Wazee wa upande wao wakaanza kupiga makofi, makofi ya kweli, si ya mchezo. Mzee Anastazi mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa kukubali, neno kwa neno, na mimi mtu akinikubali namna ile nazidi, ninyi mnanijua, ni kama kumwagia moto mafuta ya taa.

Ndipo nikasema, "Naapa mbele ya Mungu na mbele ya turubai hizi mbili, Manu hajamgusa binti huyu. Nimelala na Manu chumba kimoja miaka mitatu, ningejua. Kama nasema uongo, binti mwenyewe aletwe hapa aseme."

Nikageuka kumtazama Manu anishukuru kwa macho. Alikuwa ameinama. Ameinama vile vile anavyoinama mezani redio ikiongea.

Mwalimu Gaspari yule macho ya kucheka yaliisha. Akashusha maiki, akaongea pole pole kama anavyoongea mtu na mgonjwa, "Mwanangu, leo tunaomba binti, kura bado iko mbali. Kaa chini, unywe Fanta." Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Mimi nikaona anakimbia. Nikamwuliza Mwalimu anaogopa nini.

Na hapo Mzee Anastazi akasimama. Akasema mwacheni huyu kijana, anasema ninachosema mimi nyumbani kwangu kila siku, Josiane aletwe. Niliona mama yake Josiane, alikuwa kwenye mlango wa nyumba na kitambaa chake begani, aliweka mkono mdomoni. Wanawake wawili wakamshika. Mimi hata pale sikuelewa, nilidhani amefurahi.

Josiane akaletwa kabla ya wakati wake. Bila wimbo, bila wasichana wenzake, peke yake na mushanana, lile vazi la sherehe, ya rangi ya machungwa, akakanyaga nyasi katikati ya turubai mbili. Baba yake alikuwa anatabasamu. Hicho ndicho kitu ambacho hakinitoki. Hakumwita kumhukumu, alimwita ajivunie yeye.

"Mwanangu, waambie tu," akasema, "ili tuendelee na furaha yetu."

Josiane akaweka mikono yake miwili mbele, chini ya kile kitambaa kinachoshuka kutoka begani.

"Papa, usiniapishe."

Mzee bado anatabasamu, uso haukuwa umepata habari. Akasema ni neno moja tu, mama.

"Usiniapishe mbele ya watu, Papa."

Basi. Hakulia, hakupiga kelele. Mzee Anastazi akavua kofia yake, akaishika kama tuko msibani, akaingia ndani ya nyumba akafunga mlango. Makreti ya Fanta yalikuwa yamepangwa pale hayajafunguliwa hata moja. Ng'ombe wetu alikuwa bado yuko kwenye gari barabarani, hatukuwa hata tumemshusha, analia, na mtu tuliyemleta kumsifu ng'ombe kwa mashairi amesimama na fimbo yake hajui aende wapi. Mimi nilikuwa bado nimeshika maiki. Mwalimu Gaspari ndiye aliyekuja kuitoa mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja.

Batsinda tulifika saa kumi, jua bado kali. Manu akaniambia maneno mawili, "Nilikuuliza kutaniwa," akachukua begi lake akaondoka. Meza yote akaniachia. Sasa nina meza nzima na chumba kizima, sijui nivifanyie nini. Manu na Josiane walifunga ndoa ya serikali tu, pale ofisi ya sekta, na shahidi mmoja kila upande, shahidi wa Manu alikuwa yule dereva wa pikipiki. Wakahamia Kagarama. Baba wa binti hakwenda. Simu zangu Manu hapokei.

Shavu la Mzee Silasi lilipopona nilimfuata nikamwuliza lile jibu la ng'ombe lilikuwa nini. Akasema ungejibu tu, ndiyo maana tumekuja na ng'ombe, maana kijana angehamia, ng'ombe huyu angemlaza wapi? Watu wangecheka, ungekuwa umekwisha, tungekunywa. Halafu akaniambia kwamba mimba ilikuwa ya miezi minne, yeye alijua, mama wa binti alijua, Mwalimu Gaspari alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile ili aharakishe mambo. Wasiojua tulikuwa wawili tu, mzee wa kanisa na mimi. Nikamwuliza kwa nini Manu hakuniambia mimi, mimi ambaye ningekufa kwa ajili yake. Mzee Silasi akanitazama kwa huruma, akasema, "Angekuambia saa ngapi? Redio ilikuwa haizimwi."

Kura ikafika. Nilienda asubuhi mapema, mnajua hapa kwetu chumba cha kupigia kura kinapambwa vitambaa na maua kama harusi, nikaingia mle na vile vitambaa vyeupe nikasahau nilichokuja kufanya, mama mmoja wa meza ya kura akaniuliza kama naumwa. Nilipiga kura yangu kwa waliosema mambo ya familia, sikubadilika. Nikarudi kazini na wino kwenye kidole.

Mchana akaja Mzee Anastazi. Kutoka Ndera mpaka Batsinda, na mafundi simu walivyojaa njiani. Ana wino na yeye. Akanipa mkono, akasema kijana, ulisema kweli siku ile, wachache wanasema kweli. Kila neno likaingia kama sindano. Akatoa simu yake ya vitufe akasema haifanyi kazi vizuri. Nikaiwasha, nikapiga, nikasikiliza. Ilikuwa nzima.

Hakuichukua, akatazama barabarani. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia ya choo, "Nasikia amejifungua. Ni wa kiume au wa kike?"

Na mimi sikujua. Mimi rafiki yake Manu, niliyeapa mbele ya turubai mbili kwamba ningejua, nilikuwa hata sijui kama mtoto amezaliwa. Nikamwambia, "Mzee, hata mimi hawaniambii." Nikamwambia Kagarama nasikia ni njia ya juu, nyumba ya pili baada ya kinyozi, twende wote. Akasema yeye alisimama mbele ya watu akaingia ndani, sasa atatokaje.

Kwa hiyo nimeapa tena, na hii ndiyo ya mwisho maishani mwangu: sitaapa kwa ajili ya mtu. Nikikupenda nitakaa karibu yako na mdomo nimefunga, ukitaka kuniambia kitu ukute nafasi. Redio naiwasha jioni tu, kwa habari.

Mzee hakuondoka. Nikachukua bisibisi ndogo nikaifungua ile simu, nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo, nikaifunga, nikaifungua tena, ili apate sababu ya kuendelea kukaa kwenye kile kiti. Kilikuwa kiti cha Manu.