Niliteremsha Utambi ili Divai ya Ndoa Yetu Isigande

Ndugu wasomaji, naomba ukurasa huu unifichie jina, maana Sofu ni padogo na mume wangu anaheshimika. Nina miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, na nimeolewa miezi mitano iliyopita na mwanamume ambaye nikisikia baiskeli yake ikikata kona ya nyumba yetu, moyo bado unanienda mbio kama siku ya kwanza. Msidhani najisifu. Nataka mjue kwamba nilichofanya nilikifanya kwa mapenzi, ingawa sijui kama hilo linanipunguzia chochote.

Mume wangu ni fundi katika chuo kimoja hapa Kibaha. Mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akifanya naye kazi, alipokaribia kurudi kwao, alitupa zawadi ya harusi: friji yake ndogo ya mafuta ya taa, aliyoitengenezea vichanja vya mbao vya kulazia divai, pamoja na chupa sita. Alituambia tufungue moja kila tunapotimiza mwaka wa ndoa, na kwamba zisitoke kwenye ubaridi kabla ya siku yake. Nililia. Miaka sita ya kupendwa, yote imelala mle ndani ikinisubiri.

Ilipoletwa kwa gari la mizigo, majirani walimtania mume wangu kwamba ubepari umehamia Sofu bila hata kupiga hodi. Alicheka tu, akaenda kuchukua pima maji yake. Friji ya namna hiyo haitaki papara. Ilisafiri imelazwa, kwa hiyo ilibidi isimame siku nzima kabla ya kuwashwa. Alichonga vipande vya mbao akaviweka chini ya miguu yake mpaka ikakaa sawasawa, akaiacha mbali kidogo na ukuta ipate hewa. Chupa tulizipanga pamoja, mimi nikimpa, yeye akizilaza ili vizibo visikauke. Kisha akanifundisha kukata utambi, kufuta masizi kwenye bomba na kuusoma moto: wa buluu ni mzuri, wa njano unatoa moshi. Kwenye kitasa cha kupandishia utambi yule mtaalamu alikuwa amekwaruza alama mbili, ya chini kwa ajili ya divai, ya juu kwa ajili ya ubaridi mkali.

"Hii sasa ni kazi yako, mama mwenye nyumba," mume wangu aliniambia. Nikaona kama nimekabidhiwa ndoa yenyewe.

Mwezi uliopita nesi wa zahanati alikuja kwetu mbio, kanga imemlowa jasho. Friji ya zahanati ilikuwa imeharibika, na chanjo ya surua ya watoto wa kijiji cha Gwata ilikuwa imeshafika. Siku ya kuchanja ilikuwa wiki inayofuata. Alituomba tumhifadhie, akakiri kwamba hajamwambia mkubwa wake. Mume wangu hakusita. Alipandisha utambi hadi alama ya juu, dawa zikawekwa kwenye kichanja cha juu, chupa zetu zikabaki chini. Nesi akatundika kipimajoto ndani, akanishika mkono.

"Mdogo wangu, isizidi nane. Ikizidi hapo, hata ikipoa tena, nitakuwa nawachoma watoto maji matupu."

Nikaitikia.

Siku mbili baadaye tulikuwa na safari ya Kisarawe kwa wazazi wangu. Nyumbani kwetu mkwe mpya ndiye huonja mpunga wa kwanza wa msimu, na baba alikuwa akimsubiri. Mume wangu alitangulia kituo cha Kwa Mathias kutafuta nafasi kwenye basi. Nikafungua friji mara ya mwisho, nikakuta chupa moja imeanza kuvaa barafu. Niliwahi kuona chupa ya maji ikiganda humo hadi ikapasuka. Niliwaza ile miaka yetu ikimwagika, nikateremsha utambi hadi alama ya divai. Nilijiambia siku mbili hazitadhuru. Mvua ikatuweka Kisarawe siku tatu.

Tuliporudi, mume wangu alibaki nje akinawa matope miguuni. Mimi nilikimbilia friji. Kipimajoto kilisoma kumi na tano. Nikapandisha utambi, nikafunga mlango.

Kesho yake nesi alipokuja kuchukua dawa, kilisoma sita. Alinikumbatia. Nilifungua mdomo nimwambie, mume wangu akaniwahi kwa furaha yote: "Si nilikwambia, dada? Huyu ile friji anailea kama mtoto." Nikaufunga mdomo wangu. Watoto wa Gwata wakachomwa.

Jumapili iliyopita mama mmoja wa Gwata alituletea kuku kwa shukrani. Mwanawe wa kwanza alimzika kwa surua. Huyu wa pili alikuwa akimficha ndani kila aliposikia kuna mtoto mgonjwa kijijini. Akaniambia, "Sasa simfichi tena, mwanangu. Mungu awabariki na friji yenu." Yule kuku sikuweza kumla. Mume wangu alidhani nina mimba, akafurahi.

Najua nilipaswa kuzitoa zile chupa tu. Zingekaa chini ya kitanda siku tatu, na kama zingeharibika, basi. Surua bado haijazuka tena Gwata, na nasikia watoto wanaweza kuchanjwa upya. Lakini nikisema, nesi aliyetuamini huenda akapoteza kazi, na mume wangu atajua kwamba nilimwacha ajivunie uongo mbele ya watu. Nikinyamaza, kuna mama ambaye hamfichi tena mwanawe.

Kila asubuhi bado nafuta masizi na kukata utambi. Chupa zote sita ni nzima, hakuna hata moja iliyopata ufa. Ninyi mliotangulia katika ndoa, nanyi mlio na watoto, nishikeni mkono: nianze kumwambia nani, na nimwambieje?