Chungu Alichokikana Leonia

Jumamosi, tarehe 10 Novemba 1973. Asubuhi jua lilikuwa kali. Baada ya saa nane mawingu yalitoka upande wa Kongo, yakaificha milima ya ng'ambo, na mvua ikavuka ziwa na kutua Rusimbi kabla watu hawajaanua nguo.

Mtu akiniuliza Leonia alikuwa mwanamke wa namna gani, humsimulia siku hiyo. Nilikuwa nimehamishiwa Kigoma kutoka Upare, karani wa bandari, na kilabu chake kilikuwa mahali pa kwanza nilipoketi mjini bila kuulizwa nimetoka wapi. Kilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la bati kuukuu, magogo ya kukalia, na katikati vyungu vya pombe ya mtama. Bia ya chupa hakuuza. Alisema anayeitaka aifuate hotelini akalipie na kibandiko.

Leonia alikuwa Mha wa Kasulu, mjane wa fundi wa reli. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimtaka arudi kijijini, naye akawajibu kwamba ameshaloweka mtama na hawezi kuuacha. Hivyo ndivyo kilabu kilivyoanza. Alikuwa mrefu, mkimya, na mwenye kiburi kwa jambo moja tu: pombe yake haikuwahi kuharibika. Wapishi wengine wa Rusimbi walikuwa na siku zao mbaya, wakazificha kwa sukari au kwa kuuza bei ya chini. Leonia hakuwa na siku mbaya. Martini, mpagazi wa bandarini, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba pombe ya siku hiyo ni nyepesi kidogo. Alifukuzwa, akakaa nje mwezi mzima, na aliporudi alikaribishwa kwa sharti la kukaa karibu na mlango, penye kuvuja. Tangu hapo akawa anamwita shangazi, na kila akija huonja kwanza kwa makini na kutikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Pombe ile ilinywewa kwa mirija ya matete, ambayo wao huita miheha. Chungu kilikuwa kimoja, watu wengi, na kila mteja wa siku zote alikuwa na mrija wake uliochomekwa darini. Mirija hiyo aliitengeneza mzee Dismasi, aliyefika kwa mtumbwi kutoka Burundi mwaka uliotangulia, katika zile wiki ambazo mitumbwi ya waliokimbia mauaji ilitua Kibirizi usiku na mchana. Alikata matete ufukweni Bangwe, akafunga ncha kwa kichujio kidogo cha nyuzi za mchikichi ili pumba zisipande. Leonia hakumdai pombe, naye hakumdai mirija. Desturi mbili zilishikwa humo bila mtu kuzitangaza. Ya kwanza, Leonia aliingiza mrija wake kabla ya mtu yeyote, akanywa mbele ya wote, ndipo wengine wakanywa. Ya pili, mtu asiyetaka kunywa na mwenzake aliutoa mrija wake na kuulaza juu ya mdomo wa chungu. Hilo la pili nilikuwa nimelisikia tu.

Mvua ilipokuwa imekolea aliingia mgeni mmoja, amelowa mpaka mifupa. Aliwaamkia wote shikamoo, akasema anaitwa Kasiani, ametoka Kibirizi kwa miguu, anaomba kujisitiri mpaka mvua ipungue. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ya mpaka, cha Burundi. Leonia alimpa kanga kuukuu ajifute, akampa na mrija wa wageni, akamkalisha kwenye chungu chetu. Tulikuwa mimi, Martini na vijana wawili wa bandarini aliokuja nao. Dismasi alikuwa kwenye kona, ameinamia nyuzi zake, na mrija wake ulikuwa tayari chunguni akiungoja.

Kasiani alinyonya kwa kiu. Martini akamwambia anywe taratibu, huu si Mto Malagarasi, wenzake nao wana makoo. Mgeni akacheka. Kilikuwa kicheko cha juu, chenye kukatika katikati kama mtu anayepaliwa. Dismasi aliinua kichwa. Alimtazama mgeni kwa muda, akaziweka nyuzi chini, akaja mpaka chunguni. Nilidhani anakuja kunywa. Aliutoa mrija wake, akaukung'uta, akaulaza juu ya mdomo wa chungu.

Mvua ilipiga bati.

Ni lazima nieleze mwaka ule ulikuwaje. Vijiji vya mpakani vilikuwa vimeshambuliwa kutoka ng'ambo, na watu walilala wakisikiliza. Neno mpelelezi lilikuwa likitembea mjini peke yake, likitafuta mtu wa kumkalia. Mwanzoni mwa mwezi ule ule, kijana mmoja alielekezewa kidole pale Kibirizi, na polisi walipofika walikuta wa kuzika. Baadaye ilijulikana alikuwa muuza dagaa. Vijana wawili wa Martini walikuwapo siku ile. Walilisimulia jambo hilo, na hawakulisimulia kwa aibu.

"Mzee," Martini alisema, "pombe imekushinda?"

"Siwezi kunywa na huyu."

"Amekufanya nini?"

Kasiani alikuwa ameacha mrija. Alimtazama Dismasi, kisha mlango, na mlangoni alikuwa ameketi Martini. Kijana mmoja alisimama na kujinyoosha, akabaki amesimama. Dismasi alifungua mdomo. Nilijua, na nadhani kila mmoja alijua, kwamba sentensi moja ikitoka pale mgeni hatafika barabarani.

Leonia alikuwa akipanga kuni nyuma yetu. Alipita katikati ya watu, akachomoa mrija wake darini, akauingiza chunguni, akanyonya. Akatema chini.

"Imeharibika," alisema.

Martini aligeuka. "Nini?"

"Pombe. Imeharibika. Toeni mirija."

Nilikuwa nimeinywa dakika chache kabla, baada yake yeye mwenyewe. Ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kunywa kwake, na ilikuwa ya mpiko mmoja na pombe ya harusi ya binti wa Regina, jirani yake, aliyeagiza vyungu viwili kwa ajili ya Jumatatu. Nilikaribia kusema hivyo. Leonia hakunitazama. Alikuwa akimtazama Martini, na Martini alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na hajaamini bado kuwa ni chake.

"Shangazi. Pombe yako?"

"Yangu."

"Imeharibika? Hii hapa?"

"Una masikio mangapi, Martini? Dismasi ameitambua kabla yangu, ndiyo maana ametoa mrija. Wewe uliyekuwa ukiinyonya kama ndama hukujua kitu. Nenda."

Basi, ilikuwa kana kwamba amefungua mlango wa zizi. Martini alipiga paja. Alimwuliza kama aite padri, kama bendera ishushwe nusu mlingoti bandarini. Aliwaambia vijana wake wakumbuke tarehe. Kicheko kilimshika mpaka akaegemea ukuta, na vijana nao wakacheka, hata yule aliyesimama, na wote watatu wakatoka mvuani kwa haraka, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuifikisha habari kilabu cha pili. Mgeni walimruka kama gogo.

Leonia alifunika chungu kwa ungo, akaulaza mrija wa Dismasi juu yake. Kisha akafunga mlango kwa komeo, mchana kweupe, akamkalisha Kasiani upande mmoja na Dismasi upande wa pili, naye akakaa katikati kwenye kinu kilichopinduliwa. Mimi alinisahau, au alitaka awepo mtu wa kusikia.

Alimwambia Dismasi aseme sasa.

Dismasi alisema polepole, akichanganya Kirundi, na Leonia alirudia kwa Kiswahili maneno ambayo nisingeyaelewa. Karibu na Rumonge, huko Burundi, yeye na mdogo wake walijificha kwenye michikichi kando ya barabara. Mdogo wake alitoka kutafuta maji. Palikuwa na askari, na raia mmoja aliyekuwa akiwaonyesha nani ni nani. Raia yule alicheka. Baada ya hapo Dismasi hakusikia tena sauti ya mdogo wake.

"Ulimwona uso?" Leonia aliuliza.

"Nilikuwa nimelala chini."

"Basi hukumwona."

"Nilimsikia. Ni kicheko kile."

Kasiani aliivuta kanga mabegani. Alisema hajafika Rumonge tangu vita vianze, kwamba yeye ni wa Nyanza ya huko huko Burundi na alikimbia na mama yake, na mama yake amezikwa Kagunga, mpakani. Akasema watu wengi hucheka namna ile. Halafu akasema jambo ambalo naliona hadi leo lilikuwa la kweli, hata kama mengine hayakuwa: "Mama, mimi sijui nikae vipi ili nisiogopwe."

Leonia hakumwambia Kasiani kwamba anamwamini, wala hakumwambia Dismasi kwamba amekosea. Alinituma nikamwite balozi wa nyumba kumi, Mwinshehe, na nipite njia ya nyuma.

Mwinshehe alikuja na mwavuli, akasimama nje ya kizingiti, kwa sababu haingii penye pombe. Alisikiliza yote akiwa amesimama palepale, maji yakimpita miguuni. Aliuliza kama kuna mwingine aliyelisikia neno la Dismasi. Leonia akasema walisikia nusu, na nusu hiyo ameifunika.

"Umeifunika kwa kitu gani, bibi?"

"Kwa chungu changu."

Mwinshehe alisema mgeni atalala kwake, na asubuhi, watu wakiwa kanisani, atampeleka mwenyewe kwenye ofisi ya wakimbizi, na Dismasi naye aende akayaseme maneno yake mbele ya watu wenye kazi hiyo. Dismasi alikubali kwa kichwa. Alipotoka aliuchukua mrija wake pale juu ya ungo, akaushika mkononi kama asiyejua pa kuuweka.

Jumapili asubuhi kulikuwa na ukungu, na mvua imekwisha. Nilipita mapema. Regina alikuwa ameshafika na kuondoka. Habari ilikuwa imemfikia jana yake, hata kabla ya chakula cha jioni, na harusi ya bintiye ilikuwa imepata mpishi mwingine. Leonia angeweza kumwonjesha kijiko kimoja. Hakumwonjesha.

Badala yake alikikokota chungu mpaka kando ya njia, saa ile watu walipokuwa wakienda misa, akakiinamisha na kuanza kumwaga. Pombe ile iliingia mtaroni na povu jeupe, na harufu yake ilipanda nzuri kama ya mkate. Huo ndio uliokuwa ubaya wake: mwenye pua angejua haikuharibika. Mwinshehe na mgeni wake walikuwa bado nyuma ya mlango, nyumba ya tatu, wakingoja njia iwe tupu, na Dismasi akiwangoja mbele.

Martini alitoka kichochoroni na vijana wake, amevaa shati la Jumapili, amekuja kujionea. Alichuchumaa. Alichovya kidole kwenye povu, akakiweka mdomoni, na uso wake ukabadilika. Alimwinulia Leonia macho. Leonia aliendelea kumwaga. Martini aligeuza shingo, akautazama mlango wa Mwinshehe, uliokuwa bado umefungwa, kisha vijana wake, kisha akautazama mtaro.

"Kumbe kweli," alisema, akijifuta kidole kwenye suruali. "Imeharibika vibaya. Twendeni, tutachelewa misa."

Leonia alisubiri mpaka migongo yao ilipopotea. Akakisuuza chungu kwa maji ya moto, akakipindua kikauke, akaingia ndani akapima mtama, akauloweka.