Sanduku Lisilo na Msumari

Fundi aliangalia michoro yangu akiwa amesimama, mikono imejaa maranda. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Ukungu wa kutoka juu kwenye kreta ulikuwa bado umelala kwenye mabati ya Karatu mjini, na mimi nilivaa aproni mpya niliyoshonewa na shangazi yangu wa Ganako. Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha sanaa. Walimu walitaka kila mmoja wetu aende kwa fundi wa kweli wakati wa likizo, ajifunze kazi moja ya mikono, arudi na kitu alichotengeneza mwenyewe. Mimi nilichagua sanduku la kuwekea brashi na rangi. Nililichora kutoka juu, kutoka ubavuni, likiwa wazi, likiwa limefungwa, nikaongeza na kivuli chake kikiwa kimelala mezani.

"Na hiki kivuli nacho unataka tukichonge?" Fundi aliuliza.

Wafanyakazi walicheka. Alichagua mchoro uliokuwa mzuri kuliko yote, akautandika kwenye benchi, akaweka juu yake kopo la gundi lililokuwa likichuruzika pembeni.

"Utatengeneza sanduku," alisema. "Bila msumari hata mmoja. Pembe zishikane kwa meno. Ukimaliza nitalikalia. Likinibeba, umejifunza. Lisiponibeba, ni kuni."

Alikuwa mtu mzito, mwenye shingo fupi na sauti ya chini ambayo hakuhitaji kuipandisha. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara kuu inayokwenda kwenye geti la hifadhi, na loji nyingi zilimtegemea kwa vitanda na viti. Madereva wa watalii walipenda kusimama pale kunywa chai wakati wageni wao wananunua vinyago jirani. Walikuja kwa ajili ya chai, na walikuja kumsikiliza Fundi akimsema mtu.

Mtu huyo, kabla sijafika, alikuwa mmoja tu. Fundi alimwita Singida, kwa sababu ndiko alikotoka. Alikuja Karatu kuvuna kahawa kwenye mashamba makubwa, msimu ukaisha, akaomba kazi ya kufagia karakana, akabaki na kujifunza kidogo kidogo. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto huko kwao, na mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha shahada. Mashine ya kuranda ilikichukua. Siku yangu ya kwanza, dereva mmoja aliuliza kidole kilienda wapi, ingawa nilikuja kujua baadaye kwamba wote walikuwa wanajua jibu.

"Kimo ndani ya kitanda cha loji moja huko juu," Fundi alisema. "Mzungu analala nacho kila siku. Singida ana mke mmoja, lakini kidole chake kimeshalala na Ulaya nzima."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Singida naye alicheka. Nilimwangalia usoni nikaona meno tu.

Nilianza na mbao za grevilea, zile zinazokatwa kwenye mipaka ya mashamba, kwa sababu Fundi alisema siwezi kupewa mti wa maana. Meno ya pembe hukatwa kwa msumeno mwembamba. Kisha unachimbua katikati yake kwa patasi, halafu ubao wa pili unaukata kwa kuufuata wa kwanza, ili viingiane kama vidole vya mikono miwili. Ukikosea hata kwa unene wa kucha, kiungo kinacheza. Mimi nilikosea kila mahali. Fundi hakunionyesha. Alipita nyuma yangu, akasimama, nikasikia pumzi yake, akaondoka.

Sanduku la kwanza alilikalia mbele ya madereva. Lilifunguka kama ua. Alibaki ameketi chini juu ya vipande, akavuta kikombe chake cha chai, akanywa taratibu.

"Mchoraji," alisema, "hili hata kivuli chake kingevunjika."

Toka siku ile jina langu likawa Mchoraji. Vipande vilipelekwa kwa mama aliyetupikia makande, na mchana nilikula makande yaliyoivishwa na sanduku langu. La pili alilijaza maji, akasubiri yavuje mpaka kwenye viatu vyangu, kisha ndipo akalikalia. La tatu alimpa dereva mmoja alikalie kwanza, dereva mwembamba kama fito, nalo pia likavunjika. Nililia nyuma ya lundo la mbao. Nilipotoka, Fundi alikuwa akiwaambia watu kwamba chuoni kwetu tunafundishwa kulia kwa rangi ya maji.

Nilitegemea Singida angalau angeninyamazia. Ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Aliiga Kiswahili changu cha darasani na lafudhi yangu ya Kimbulu kwa pamoja, akatembea kwa kujivuta kama mimi, akashika penseli kwa vidole viwili na kukunja jicho. Fundi alipokuwa amechoka kunisema, Singida alimkumbusha.

"Fundi, hujaona pembe za Mchoraji leo," angesema. "Njoo uone, utasahau kichwa kinachokuuma."

Asubuhi moja sikuiona patasi niliyokuwa nimeinoa jana yake. Nilichukua nyingine, butu, ikabidi niisukume kwa nguvu. Iliteleza ikaingia kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Damu ilidondoka kwenye ubao mweupe. Singida alikuwa ng'ambo ya benchi, na patasi yangu ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa aproni yake.

"Karibu kwenye ukoo," alisema, akainua mkono wake wa kushoto.

Fundi alikuja, akaangalia kiganja, akaangalia ubao. "Umechafua mti," alisema. Niliruhusiwa kwenda zahanati baada ya kuusafisha ubao ule kwa msasa.

Nilirudi na nyuzi kiganjani. Mchana nilimfuata Singida alipokuwa ameketi peke yake kwenye magogo, anakula.

"Kaka," nilimwambia, "mimi nimekukosea nini?"

Alitafuna kwanza, akameza. Hakuniangalia kwa chuki. Alinijibu kama mtu anayeulizwa njia na yeye anaijua.

"Hujanikosea. Tangu ufike, sijatukanwa mbele za watu hata siku moja. Nimelala vizuri. Mke wangu ameniambia kwenye simu sauti yangu imebadilika. Sasa unataka nikuonee huruma kwa kutumia nini?"

Aliendelea kula, na baada ya muda alinisogezea kipande cha parachichi. Nilikila. Jioni yake alimwita Fundi aje aone nilivyoshika randa kwa mkono wenye bandeji.

Kwa shangazi nilisema sitarudi kwa Fundi. Shangazi alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Ndivyo alivyo," alisema. "Lakini kitanda alichonitengenezea, nilicholalia usiku wa harusi yangu, mpaka leo hakijalia. Kama unataka mtu mpole, wapo. Vitu vyao vinavunjika."

Nilirudi. Siwezi kusema ilikuwa ujasiri. Nilikuwa nimeanza kuisikia kazi. Kuna siku msumeno uliingia kwenye mstari wa penseli ukakaa humo humo mpaka mwisho, na mkono ulijua kabla ya jicho. Nilianza kujua ubao unataka kurandwa kutoka upande gani, na nilijua kiungo kinachobana vizuri kinavyolia kinapoingia, sauti fupi, kavu. Hakuna aliyenisifu. Fundi aliendelea kusimama nyuma yangu, lakini sasa alisimama muda mrefu zaidi kabla hajasema neno baya.

Likizo ikiwa inakaribia kuisha, alileta vipande vya mninga vilivyobaki kwenye oda ya loji. Aliviweka benchi, mafungu mawili yaliyolingana.

"Mchoraji, hili lako. Singida, hili lako," alisema. "Kila mtu sanduku lake. Jumamosi watu waje waone."

Singida alishtushwa na habari ile kama amemwagiwa maji. Hakuwa amewahi kufanya viungo vya meno. Yeye alipaka vanishi, alisugua msasa, alibeba. Nilimwona akijaribu. Kidole kile kisichokuwepo ndicho kilichotakiwa kuelekeza msumeno, na msumeno ulikuwa unaruka kila anapoanza kukata. Aliacha kuniiga. Tulifanya kazi siku zile zote bega kwa bega bila kusemezana, kila mmoja anasikiliza sauti ya kazi ya mwenzake.

Jumamosi madereva walijaa, na wengine wawili watatu kutoka sokoni. Fundi alianza na langu. Lilikuwa na wekundu wa asali, mfuniko uliingia kwa kusukumwa na kidole kimoja. Alilikagua pembe zote, akajaribu kuingiza kucha kwenye viungo, kucha haikuingia. Akaliweka chini, akalikalia kwa uzito wake wote. Akajitingisha. Akainua miguu.

Sanduku lilinyamaza.

Aliinuka. "Hili ni sanduku," alisema.

Nikiri kwamba mwili wangu wote ulipata joto. Kwa muda ule, kama angeniambia nibaki pale maisha yangu yote, ningebaki. Kisha akamgeukia Singida.

"Mtoto wa kike, mwanafunzi, ana msimu mmoja hapa. Wewe una miaka. Lete."

Singida alilileta akilishika kwa chini, kama mtu abebaye kitu kilichojaa. Fundi hakulikalia. Aliliweka benchi karibu na langu, watu waone vyote viwili, na meno ya lile la Singida yalikuwa na nafasi zilizozibwa kwa gundi na unga wa mbao. Alichukua nyundo, akanipa mimi.

"Livunje," alisema. "Yako niliyavunja ukajifunza. Mfundishe na yeye."

Watu walisogea karibu kama wanaosubiri kitu kizuri. Nilimwangalia Singida. Alikuwa ameinamisha uso, lakini macho yalikuwa kwenye nyundo. Nilifikiria patasi, nilifikiria kiganja, na sitasema kwamba mkono haukutaka. Niliiweka nyundo kwenye benchi.

"Sivunji, Fundi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Si langu."

Alitikisa kichwa taratibu kama anayekubali. "Basi nianze na lililo lako."

Aliliteremsha sanduku langu chini kwa uangalifu, akalipiga. Mninga ni mti mgumu. Pigo la kwanza liliacha kovu tu. La pili lilipasua mfuniko. Akapiga mbavu, mbao zikachanika kwa urefu, vipande vikaruka mpaka kwenye viatu vya madereva. Pembe hazikuachia. Mbao zote zilikatika na pembe nne zikabaki zimeshikana, kila moja na kijiti chake, na alizipiga hizo pia mpaka akaanza kuhema.

Nilikuwa bado sijaelewa kwamba limekwisha niliposikia kicheko. Kilianzia kwa Singida. Hakikuwa cha kumfurahisha Fundi, hicho nilikuwa nakijua. Hiki kilimtoka tumboni, akashika benchi kwa mkono wake wenye vidole vinne, akainama, machozi yakamtoka. Sanduku lake lilikuwa pale juu, zima. Ndipo na madereva wakacheka.

"Jumatatu uanze lingine," Fundi aliniambia, akiwa anajifuta shingo. "Sasa unaweza."

Nilivua aproni, nikatoka. Nilitembea kwa miguu mpaka Ganako, magari ya watalii yakinipita na vumbi lao jekundu, na njia nzima nilikuwa nafikiria nitakavyoilinganisha mifereji ya mfuniko safari nyingine ili ubane zaidi. Hilo ndilo lililoniumiza. Sikuweza hata kumchukia bila kufikiria kazi yake.

Chuoni nilitengeneza sanduku jingine, kwa mbao laini, kwa siku chache. Mwalimu alilipitisha darasani, akauliza nimefundishwa na nani. Nilisema fundi mmoja wa kwetu. Akasema inaonekana ni mwalimu mwenye subira sana.

Mwaka uliofuata nilikuwa nyumbani Kansay, nikashuka mnadani Karatu na mama kununua mbuzi. Singida alikuwa kwenye lori lililopakia mabenchi ya kanisa, linapanda kwenda Nainokanoka. Alinitambua kabla sijamtambua. Alikuwa amekonda. Aliruka chini, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akamsalimia mama kwa heshima sana, "Shikamoo mama," na kuinama.

"Bado uko kwake?" nilimuuliza.

"Niende wapi?"

Tuliongelea mvua, tukaongelea watoto wake. Dereva wa lori akapiga honi. Singida alipanda, akajibanza katikati ya mabenchi, kisha akainama ubavuni kunikaribia, akasema kwa sauti ya kuomba, bila aibu yoyote:

"Ulipoondoka, yote yalirudi kwangu. Huko chuoni hamna mwingine anayetaka kujifunza? Mlete. Mwambie kwamba Fundi anaijua kazi."

Alikuwepo. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa ameshaniuliza mara kadhaa nilijifunzia wapi viungo vile, na nilikuwa namzungusha.

"Hamna," nilimwambia.

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, lori likaondoka.